Simu Ifundishe Kwanza, Umaarufu Ungoje

Nimeombwa niseme juu ya mitandao ya kijamii na muziki. Mimi si mwanamuziki. Kwenye kwaya naimba vizuri nikiwekwa katikati ya wanaojua. Lakini kazi yangu imenikalisha na vijana wengi wapiga gita, na kosa nitakalowaeleza nililifanya pamoja nao.

Kikundi kimoja cha vijana kilikuwa na akiba ya shilingi 40,000, jasho la kuuza miche na kulimia watu. Wakaniambia, "Tunataka kurekodi video, tuiweke YouTube, tulipwe." Nikaona ni wazo zuri. Hata nikawatetea mbele ya mweka hazina, mama mmoja aliyekuwa akikataa katakata. Pesa zikaenda kwa mpiga picha, nguo za kufanana na gari la kukodi. Baada ya miezi mitatu video ilikuwa imetazamwa mara mia tatu na kitu, na nadhani nusu ya hizo ni sisi wenyewe. Kikundi nusura kivunjike. Yule mama alikaa muda bila kunisalimia, na alikuwa na haki.

Laiti tungepiga hesabu kwanza! YouTube, ili ikugawie pesa za matangazo, inataka watu 1,000 wawe wamejiandikisha kukufuata, na video zako ziwe zimetazamwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12. (Iko njia nyingine ya video fupi, lakini hiyo inataka kutazamwa mara milioni 10 kwa siku 90.) Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama wimbo wenu ni wa dakika nne, lazima utazamwe mara 60,000, mwanzo hadi mwisho. Nyinyi wenyewe, ni video ngapi mnazimaliza?

Sasa je, tutupe simu? Hapana. Katika kikundi hicho hicho yuko kijana mpiga gita ambaye hana mwalimu, maana huku kwetu hayuko. Baada ya ile hasara alijirekodi dakika moja tu kwa simu, akajisikiliza. Alishtuka. Alidhani anapiga sawasawa, kumbe kila akihamisha vidole anachelewa. Akaiweka video hiyo katika kundi la wapiga gita la Facebook, na hakuandika "naomba like". Aliandika, "Nichunguzieni mkono wa kushoto, nakosea wapi?" Wengine walimcheka, hao hawakosekani. Lakini mzee mmoja, mpiga benga wa siku nyingi, alimjibu kwamba anainua vidole mbali mno na nyuzi, kisha akamtumia video ya mkono wake mwenyewe. Hilo ni somo la bure. Na alilipata kwa sababu aliuliza jambo moja, waziwazi.

Mbinu nyingine aliyonionyesha: ukifungua video ya YouTube, gusa ile alama ya gurudumu lenye meno. Utapata mahali pa kupunguza mwendo hadi nusu. Wimbo unaenda polepole, lakini sauti haishuki kuwa nzito. Hapo unaweza kumfuata mpigaji kidole kwa kidole.

Kwa wanakwaya, sikieni hili. Mwaka 2010 mtunzi wa Marekani, Eric Whitacre, alitoa video ya kwaya ya watu 185 kutoka nchi 12. Kila mtu alijirekodi peke yake, akimwangalia mtunzi kwenye video akiongoza, kisha sauti zikaunganishwa. Sisi hatuna mitambo hiyo, lakini WhatsApp tunayo. Mwalimu aimbe kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, atume. Mwanakwaya ajifunze akichota maji, ajirekodi, amrudishie. Mwenye kabambe asikilize kwa jirani.

Mambo mawili kwa haraka. Wimbo uliotungwa na mwingine una mwenyewe kisheria, kwa hivyo omba ruhusa kabla ya kuuweka mtandaoni. Na yeyote anayesema umtumie pesa akuletee wafuasi elfu, mfungie mlango. Wafuasi wa kununua hawawezi kukuambia kwamba gita lako halijakazwa nyuzi.

Mtauliza juu ya gharama ya data. Kikundi kile sasa kinatumia shilingi 200 kwa mwezi. Video inapakuliwa mara moja kwa simu moja, wanaitazama pamoja Jumamosi. Mweka hazina alikubali kutoa pesa hizo kwa sharti moja: kila mwisho wa mwezi wapige mbele yake walichojifunza, na video ya mwezi uliotangulia ichezwe kwanza ili asikie tofauti. Mwezi uliopita nilikuwapo. Alisikiliza zote mbili, akanyamaza kidogo, akasema gita limepona, lakini wa besi bado wanachelewa.