Simba na Popi Waende Kwenye Chanjo Bila Kasheshe

(Mazungumzo na wanaklabu wa afya wa shule ya sekondari, mkoani Mara, wiki tatu kabla ya siku ya kuchanja mbwa kijijini)

 

Leo sizungumzii Ukimwi wala mimba za utotoni. Nazungumzia mbwa. Naona wengine mmeanza kucheka. Chekeni tu, lakini sikilizeni, maana hii nayo ni afya yenu.

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na wengi mno wako Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Tena katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayedhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Maana yake ni wewe, na mdogo wako anayetumwa dukani jioni. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba. Waliopona duniani kote ni wa kuhesabika.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, na chanjo ikirudiwa kila mwaka, virusi hukosa pa kwenda. Hayo si maneno ya kwenye vitabu tu. Kisiwani Pemba, baada ya raundi kadhaa za kuchanja mbwa, kichaa kilikatika mwaka 2014. Mwaka 2016 kiliingia tena. Wakachanja upya kisiwa kizima, na Oktoba 2018 kikakatika tena. Somo ni hilo: ukichanja kinaondoka, ukizembea kinarudi.

TATIZO LIKO WAPI?

Siku ya chanjo wataalamu wanafika, sindano ipo. Mbwa je? Wengine wako nyumbani kwa sababu hakuna anayeweza kuwashika. Hasa nyumba yenye mbwa wawili. Popi mpole anapelekwa. Simba mkali, anayevuta kamba na kutaka kupigana na kila mbwa njiani, anaachwa. Lakini jamani, Simba ndiye anayezurura usiku na kukutana na fisi na mbwa wa vijiji vingine! Tumemchanja asiye na hatari kubwa, tukamwacha mwenye hatari.

Na wanaopeleka mbwa kwenye chanjo ni nani? Si baba, si mama. Ni ninyi, wavulana kwa wasichana. Kwa hiyo tujifunze kuwatembeza mbwa wawili kwa utulivu. Wiki mbili zinatosha kwa mbwa wengi, ukitumia dakika kumi asubuhi na kumi jioni.

VIFAA

Huhitaji kununua vitu vya dukani. Tafuta mkanda mpana wa kitambaa kigumu au ngozi wa kuvaa shingoni, na kamba imara yenye urefu wa kama mita moja na nusu. Kila mbwa awe na yake. Usitumie waya, unakata ngozi. Usifunge fundo la kitanzi linalokaza mbwa akivuta, utamnyonga. Mkanda ukishafungwa, vidole vyako viwili vipite kati yake na shingo. Visipopita, umebana mno. Vikipita vitano, mbwa atauvua na kukuacha umeshika kamba tupu.

HATUA KWA HATUA

1. Anza na mbwa mmoja mmoja. Hapa ndipo wengi tunakosea: tunafunga wote wawili siku ya kwanza. Mbwa wawili wakiwa pamoja huchochoana, mmoja akibweka mwenzake anaruka. Kila mmoja ajue kamba kwanza akiwa peke yake.

2. Mvalishe mkanda wakati wa kula. Siku mbili za kwanza avae tu, ale ugali wake. Atajikuna, atajigaragaza, kisha atasahau. Siku ya tatu funga kamba, aiburute uani ukiwa unamwangalia.

3. Shika kamba, tembea. Akivuta, simama kama mti. Usimvute, usimpige, usipige kelele. Akigeuka kukutazama na kamba ikalegea, mpe kipande cha dagaa au ugali, endelea. Akivuta tena, simama tena. Siku ya kwanza mnaweza kutembea hatua ishirini tu kwa dakika kumi. Si neno. Anachojifunza ni kwamba kamba ikikaza hatuendi, ikilegea tunaenda.

Fimbo haisaidii. Mbwa aliyepigwa akiwa kwenye kamba anajifunza kwamba kamba ni adui. Siku ya chanjo akiiona anakimbilia porini.

4. Waunganishe kwa watu wawili. Kila mbwa akishatulia, muite dada, kaka au rafiki yako. Wewe shika Simba, yeye Popi. Tembeeni mkielekea upande mmoja, mkiachana hatua kama kumi. Wakitulia, sogeleaneni kidogo kidogo. Ninyi muwe katikati, mbwa wawe nje. Msiwakutanishe uso kwa uso, mbwa wanaokodoleana macho wanatafuta ugomvi.

5. Mtu mmoja, mbwa wawili. Hatua hii ni kwa kijana mwenye nguvu za kuwamudu, siyo mtoto mdogo. Mmoja kushoto, mwingine kulia, kamba moja kila mkono. Usizungushe kamba kiganjani wala kiunoni. Mbwa wakimwona paka ghafla, utaburutwa. Na kamwe usifunge mbwa wawili shingo kwa shingo kwa kamba moja.

Kama wiki mbili zimepita na bado hawaelewani, usilazimishe. Siku hiyo waende na watu wawili, au mmoja apelekwe asubuhi na mwingine baadaye. Nia yetu ni wote wachanjwe, si kuonyesha ufundi.

SIKU YENYEWE

Nendeni mapema kabla ya jua kali na msongamano. Subirini pembeni, mbali na mbwa wengine. Zamu ikifika, peleka mmoja. Mwingine abaki na mwenzako, asifungwe mtini peke yake. Mtaalamu akidunga, shika kichwa cha mbwa wako kwa upole, kigeuzie mbali na mkono wake. Pokea kadi ya chanjo, itunze kama ya kliniki.

ANGALIZO: Mafunzo haya ni kwa mbwa wenu mliowazoea na ambao ni wazima. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayeng'ata hovyo hata vijiti, anayetoka mate mengi, anayeyumba au kushindwa kumeza, asifungwe kamba na mtu yeyote. Kaeni mbali, mpeni taarifa afisa mifugo au mtendaji wa kijiji.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mbwa wangu bado mtoto, ana miezi miwili. Nimlete?
Mlete. Siku ya kampeni hata watoto wa mbwa huchanjwa. Mbebe kwenye kikapu, mwakani umlete tena.

Wakianza kupigana njiani nifanye nini?
Usiingize mkono katikati. Wamwagieni maji kama yapo, au kila mmoja avute kamba yake kurudi nyuma. Kama uko peke yako na umezidiwa, achia kamba. Mbwa atapatikana, vidole havioti tena.

Mbwa wetu alinichubua kidogo kwa meno. Naogopa kusema nyumbani, nitachapwa.
Asante kwa swali hili, najua si wewe peke yako. Sema leo, usingoje kesho. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usipake pilipili, masizi wala maji ya betri. Siku hizi chanjo ya binadamu hudungwa begani, si zile sindano za tumboni mnazosimuliwa. Ukianza maliza zote, usikatishe kwa sababu kidonda kimepona. Ukiogopa kumwambia baba, mwambie shangazi, mwalimu au mhudumu wa afya. Fimbo inauma siku moja. Ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini wiki au miezi, na ukijitokeza tumeshachelewa.

Basi vijana wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Zimebaki wiki tatu. Leo jioni tafuteni mikanda, kesho asubuhi anzeni na Popi, halafu Simba. Mkimaliza, msaidieni bibi wa jirani ambaye mbwa wake hana wa kumshika.