Kamera Iliyo Mbali na Kinasa: Tujue Tunachonunua



Mtu hanunui kamera ya ulinzi kwa ajili ya mchana wa amani. Huinunua kwa ajili ya usiku wa hatari, na picha ikikatika usiku huo, gharama yote imekwenda bure. Kwa hiyo tumeona vyema kuzungumza nanyi leo kuhusu kifaa kidogo kinachouzwa pale kamera inapokuwa mbali na kinasa picha, nacho ni kigeuzi cha mawimbi, ambacho mafundi hukiita baluni.

Kamera za analogia hupeleka picha kwa waya wa koaksia. Waya huo ukiwa mrefu, picha hufifia. Baluni, moja kwenye kamera na nyingine kwenye kinasa, huwezesha picha ipite katika jozi ya nyaya zilizosokotwa za kebo ya mtandao. Usumbufu wa umeme huziingia nyaya zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na kwa kuwa baluni ya upande wa pili huchukua tofauti iliyo kati yao, usumbufu huo hupungua sana.

Baluni ziko za aina mbili. Zile zisizotumia umeme ni za bei nafuu, na hufaa kwa mamia machache ya mita. Zile zinazotumia umeme huongeza nguvu ya mawimbi, hivyo hufika mbali zaidi. Msitegemee umbali ulioandikwa kwenye boksi peke yake. Ulizeni umepimwa kwa ubora gani wa picha, kwani kadiri picha inavyokuwa na ubora wa juu, ndivyo umbali unavyopungua.

Kosa linalowagharimu wengi halimo katika picha, bali katika umeme. Baluni haiongezi umeme wa kamera. Uzi mmoja wa shaba katika kebo ya kawaida ya mtandao una ukinzani wa takriban omu 9 kwa kila mita 100. Umeme huenda na kurudi, basi kwa umbali huo ukinzani ni omu 18. Kamera ya volti 12 inayotumia ampea 0.1 mchana itapoteza volti 1.8, na huenda ikafanya kazi vizuri. Usiku, taa zake za kuonea gizani zikiwaka na matumizi yakafika ampea 0.3, itapoteza volti 5.4, ibaki na volti 6.6 tu. Kamera hiyo itazimika saa ile ile inapohitajika. Dawa yake ni kuiwekea kamera chanzo cha umeme kilicho karibu nayo.

Jihadharini pia na kebo za alumini zilizopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Kwanguo dogo la kisu kwenye ncha ya uzi hutosha kuonyesha weupe ulio ndani.

Wenye kamera za mtandao wafahamu kwamba baluni za aina hii haziwahusu. Kikomo cha kawaida cha kebo yao ni mita 100. Kuvuka hapo kunahitaji swichi ya mtandao katikati, kiendelezi maalumu, au kebo ya faiba.

Kabla ya kulipa, tunawashauri mfanye haya:

1. Pimeni njia halisi itakayopita kebo, pamoja na kona na kuta.
2. Mwambieni muuzaji aina ya kamera na ya kinasa, naye aandike kwenye risiti aina ya kebo na umbali anaouahidi.
3. Msimalizie malipo ya fundi mchana. Subirini giza liingie, kamera zote ziwashwe kwa pamoja, kisha mtazame picha kwa muda wa kutosha.
4. Tunzeni risiti na hati ya dhamana, kwani ndizo zitakazowapa nguvu mkidai haki yenu.

Fundi mwaminifu hataona uzito kusubiri jua lizame.