Bwawa la Nyuma ya Nyumba Lushoto: Lipanuliwe?

Bwawa la samaki nyuma ya nyumba, katika milima ya Usambara, hupambana kwanza na baridi. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sato hustawi maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kudumaa, na Juni hadi Agosti huko ni miezi ya masweta.

Kwa nini basi ufugaji huu umhusu mwananchi wa kawaida? Kitoweo, bila shaka. Lakini kuna faida nyingine isiyotajwa sana: maji ya bwawa yaliyojaa kinyesi cha samaki, yakifunguliwa bustanini, hurutubisha kabichi na karoti.

Wanaotaka kupanua wana hoja. Bwawa dogo lenye kina kifupi hupoa haraka usiku. Tena sato dume na jike wakiachwa pamoja huzaana ovyo, bwawa likajaa visamaki vya saizi ya kidole; nafasi ikiongezeka, wanaweza kutenganishwa.

Tugeukie upande wa pili. Bwawa la mita 10 kwa 15, kina mita 1, hubeba lita 150,000, na mara nyingi mfereji unaolijaza ndio huohuo unaomwagilia mashamba ya chini. Kwenye mteremko, tuta lisiloshindiliwa udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka hubomoka masika, na tope huishia kwa jirani.

Je, mfugaji wa juu apanue kiasi gani kabla mfereji wa jirani wa chini haujakauka, na nani wa kupima?