Mkutubi Darasani: Mafunzo ya Kazini na Utafutaji wa Maandishi ya Kiswahili

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili, sura ya kwanza huwa na sentensi moja isiyokosekana: kwamba mada iliyoteuliwa haijapata kuchunguzwa na mtaalamu yeyote. Pengine ni kweli. Pengine maana yake ni kwamba mtafiti aliandika neno moja katika kompyuta ya maktaba, akaona hakuna kitu, akaondoka. Mhadhara huu unamhusu aliyekuwa na wajibu wa kumfundisha mtafiti huyo, yaani mkutubi wa chuo kikuu, na namna yeye mwenyewe anavyoendelezwa katika kazi ya kufundisha.

Dhana ya umilisi wa taarifa, yaani uwezo wa kutambua taarifa inayohitajika, kuitafuta, kuipima na kuitumia kwa uadilifu, ilipewa jina na Paul Zurkowski wa Marekani mwaka 1974. Mwaka 2000 chama cha maktaba za vyuo vikuu na za utafiti cha nchi hiyo kilitoa viwango vya umilisi huo. Viwango hivyo vilifutwa mwaka 2016, na mahali pake pakachukuliwa na mwongozo unaotilia mkazo dhana kuu badala ya orodha ya stadi. Kuhusu mfundishaji mwenyewe, chama hicho kilitoa waraka mwaka 2017 uliotaja majukumu saba ya mkutubi anayefundisha: mtetezi, mratibu, mbunifu wa masomo, mwanafunzi wa maisha, kiongozi, mwalimu, na mshirika wa walimu wengine. Hilo la mwanafunzi wa maisha halikuwekwa pale kwa ajili ya pambo. Anayefundisha utafutaji hufundisha kitu kinachobadilika kila mwaka.

Afrika Mashariki ilipata chuo chake cha kwanza cha ukutubi huko Makerere mwaka 1963. Kiini cha taaluma hiyo kilikuwa kuainisha, kuorodhesha na kuhifadhi. Kusimama mbele ya darasa hakukuhesabiwa kuwa kazi yenyewe. Leo mkutubi anasimama mbele ya wanafunzi wengi, mara nyingi kwa saa moja tu katika muhula mzima. Mafunzo anayopewa kazini kwa kawaida huwa ya siku mbili tatu, nayo huhusu hifadhidata mpya: bonyeza hapa, andika pale, pakua. Hayana ubaya, lakini uhai wake ni mfupi, kwa kuwa sura ya hifadhidata ikibadilika somo nalo limekwisha. La uzito zaidi ni kwamba mafunzo hayo huchukuliwa kana kwamba lugha ya kutafutia ni moja duniani kote.

Mfano wa alama ya nyota unatosha kuonyesha jambo hilo. Katika katalogi nyingi, mtafutaji hufundishwa kuandika mwanzo wa neno kisha kuweka nyota mwishoni, ili mashine ilete maneno yote yenye mwanzo huo. Kanuni hiyo huifaa lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni. Kiswahili, katika nomino zake, hubadilika mwanzoni. Anayeandika shairi na kuweka nyota hatapata mashairi, wala ushairi, wala washairi. Anayetafuta utenzi hapati tenzi. Na kwa kuwa lahaja za kaskazini husema utendi, hapati tendi pia. Wimbo na nyimbo ndio kabisa hazikutani. Kuna mifumo inayokubali nyota mwanzoni mwa neno, lakini mingi huikataa. Njia iliyobaki ni kuandika maumbo yote na kuyaunganisha kwa neno la kiungo linaloruhusu lolote kati yake, na hapo ndipo sarufi ya ngeli inapogeuka kuwa stadi ya maktaba.

Kinachoficha tatizo hilo ni kwamba baadhi ya maneno yanayotafutwa sana hayabadiliki. Riwaya ni riwaya, moja au kumi. Methali na hadithi hali kadhalika. Mkutubi akionyesha darasani kwa neno riwaya, kila kitu huenda sawa, naye huondoka akiamini kuwa amefundisha.

Majina ya watu nayo yana mitego yake. Shaaban Robert huorodheshwa chini ya Robert. Muyaka aweza kuwa Muyaka bin Haji tu, au kufuatiwa na Al-Ghassaniy, kama alivyo katika diwani iliyochapishwa mwaka 1940. Vichwa vya mada navyo katika katalogi nyingi vimeandikwa kwa Kiingereza, hata pale kitabu chenyewe kiwapo cha Kiswahili kitupu. Tena ipo miswada ya hati za Kiarabu. Ile iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitengenezewa orodha na J.W.T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1970, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Mwanafunzi asiyeambiwa kuwa orodha hiyo ipo hataifikia kwa kubahatisha.

Kwa mantiki hiyo, mafunzo ya mkutubi hayawezi kuachiwa wauzaji wa hifadhidata. Yanamhitaji mwanaisimu aketi meza moja na mkutubi, mmoja akieleza maumbo ya maneno, mwingine akieleza jinsi mashine inavyoyasoma. Yanahitaji pia mkutubi afundishe mbele ya wenzake na kukosolewa, jambo ambalo walimu wa shule hulizoea tangu mazoezi ya kufundisha, ilhali wakutubi wengi hawajapata kulipitia. Na yanahitaji saa hizo ziandikwe katika ratiba ya kazi. Mafunzo yanayofanywa baada ya zamu, mtu akiwa amechoka, hayafiki mbali.

Kikao cha kwanza chaweza kuanza kwa zoezi jepesi. Ichukuliwe tasnifu iliyokwisha kukubaliwa, yenye ile sentensi ya kudai kwamba mada haijapata kuchunguzwa. Wakutubi wawili na mwalimu mmoja wa Kiswahili waitafute upya mada hiyo: umoja na wingi, lahaja mbili, vichwa vya mada vya Kiingereza, na majina ya mtunzi kwa maumbo yake yote. Kila walichokiandika na kila walichokipata kiwekwe katika daftari moja, na daftari hilo liwe kitabu cha kufundishia muhula unaofuata.