Homa, Damu na Swali Tunaloliuliza



Mwaka 1880, mjini Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran aliweka damu ya askari mwenye homa chini ya hadubini, akaona vimelea vya malaria vikijongea. Tangu hapo malaria ilipata shahidi. Lakini kwa zaidi ya karne nzima tuliendelea kutoa hukumu bila kumwita shahidi huyo: mwili ukichemka ni malaria, mgonjwa apewe dawa. Ni mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria, hata mtoto mchanga, apimwe kwanza kila inapowezekana.

Mazoea hayo yametugharimu. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Maabara ilipochunguza kwa kina, malaria ilithibitika kwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria ndani ya damu, wengine leptospirosisi, brusela, homa ya Q au chikungunya, na hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa dawa ya malaria. Nawaomba mzitafakari namba hizo mbili, 528 na 14, kwa sababu nyuma yake wamo watu waliolala wodini wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Je, kupima kunatosha? Hakutoshi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidoleni, hakimtafuti mdudu mwenyewe bali protini zake, na mojawapo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Isitoshe, penye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea ilhali kinachomuumiza ni nimonia.

Linalonikera zaidi ni Widal. Kipimo hiki cha taifodi cha mwaka 1896 bado kinatumika katika zahanati nyingi. Mtu huingia na uchovu, akatoka na karatasi ya “malaria na taifodi” pamoja na mfuko wa dawa. Widal hupima kingamwili, nazo huweza kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo, au ugonjwa mwingine, malaria ikiwemo. Kumwandikia mgonjwa antibiotiki kwa jibu moja la Widal, bila ushahidi mwingine, ni kosa. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Huchukua siku kadhaa, huhitaji damu ya kutosha iliyotolewa kabla ya antibiotiki kuanza, na mtaalamu wa kuisoma. Ndiyo maana hospitali nyingi hazina huduma hiyo.

Wanafunzi wangu, kabla hamjamtoa mgonjwa damu, jueni mnatafuta nini. Kipimo kikisema hakuna malaria, msiandike dawa ya malaria. Rudini kitandani, sikilizeni kifua, muulizeni kuhusu mifugo na maziwa mabichi. Nanyi mnaopanga bajeti za afya, zipeni hospitali za mikoa uwezo wa kuotesha damu, na mwaajiri wataalamu wa maabara wa kuifanya kazi hiyo.