Uchakavu Umekwisha Kulipiwa



Ndugu zetu katika imani, tunakusudia kuzungumzia ugomvi wa siku ya kuhama. Mpangaji wa Mbagala au Mwananyamala aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo anahama mapema, na wamekubaliana kuwa atarudishiwa iliyobaki. Mwenye nyumba anaingia chumbani na kuanza kuhesabu: rangi imefifia, sakafu ina nyufa, koki inavuja, wavu wa dirisha umetoboka. Akimaliza kuhesabu, fedha ya mpangaji nayo imekwisha. Wako wanaozuia hata vyombo.

Fuqahaa wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Hadhamini kilichoharibika mkononi mwake ila akipetuka mpaka, au akizembea. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ijara ni kuuza manufaa, na manufaa ya nyumba hayapatikani ila nyumba nayo ichakae. Aliyeikanyaga sakafu miaka mitatu amezilipia hatua zake kwa kodi. Kumtoza tena kwa rangi iliyopauka ni kuuza kitu kimoja mara mbili, na Suratul-Baqara, aya ya 188, imetukataza kula mali kwa batili.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na asipoyafanya mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Hata theluji ya juu ya dari ameitaja kuwa ni ya mwenye nyumba kuiondoa, na taka za uwanjani ni za mpangaji kuzifagia. Sisi wa Temeke hatuna theluji, lakini tuna unyevu. Ukuta wa matofali ya saruji uliojengwa bondeni huliwa na chumvi kutoka chini, rangi ikabambuka hata chumba kikiwa kitupu. Bati nalo hushika kutu kwa hewa ya pwani. Vipi alipishwe mpangaji kwa kazi ya bahari?

Ama aliyeweka jiko la mkaa juu ya sakafu hadi ikapasuka, au aliyepoteza ufunguo akaupiga mlango teke, au aliyetupa matambara chooni hadi chemba ikaziba, huyo amepetuka, na ni wajibu wake kulipa. Akiziba ufa kwa kalenda ili aondoke salama, ameongeza khiyana juu ya deni.

Lakini alipe nini? Hapa ndipo wengi wanapodhulumu bila kujua. Kinacholipwa ni thamani ya kilichoharibiwa kwa hali kilivyokuwa siku ile, au upungufu ulioingia. Mlango uliokwisha kuliwa na mchwa haulipwi kwa mlango mpya wa mninga.

Wakikhitalifiana, mmoja akisema umevunja na mwingine akisema nimeukuta hivi, asili ni kuwa kauli ya mwenye amana hukubaliwa pamoja na kiapo chake, isipokuwa mdai alete ushahidi. Basi mwenye nyumba ndiye mwenye haja zaidi ya kuandika siku ya kuingia, naye ndiye asiyeandika. Siku ile hauoni ufa hata mmoja, siku ya kutoka anaiona yote. Tumuogope Allah tusiwe miongoni mwa waliotajwa mwanzo wa Suratul-Mutaffifin, wenye kipimo kimoja cha kupokea na kingine cha kutoa.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe mali katika hali aliyoipokea, ila haimbani kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake.

Tunawashauri wenye nyumba na wapangaji wapite chumba kwa chumba siku ya kukabidhiana ufunguo, waandike hali ya kuta, sakafu, vitasa, soketi, vioo na choo, na waandike ni nani atakayetengeneza nini. Watie saini mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala yake. Simu yenye kamera ikiwepo, picha ziambatanishwe na karatasi hiyo, na siku ya kuhama wapite tena wote wawili, karatasi mkononi, kabla vyombo havijapakiwa.