Mizani Iliyomo Ndani ya Chembe, na Dawa Isiyokatizwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kikubwa na kidogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu wa hapa Nkende, nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunausiana sote kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha huko ni kuilinda amana. Amana tutakayoizungumza leo ni mtoto mgonjwa. Nasi tutaanzia ndani ya mwili wake, mahali jicho lisipofika.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, ambazo wasomi huziita seli. Ndani ya seli hizo imo mirija myembamba mno, ambayo upana wake ni kama nanomita 25. Na nanomita milioni moja ndizo milimita moja. Mirija hiyo imejengwa kwa protini iitwayo tubulini, vipande juu ya vipande, kama matofali. Ni boriti zinazoipa seli umbo lake. Ni barabara ya kupitishia mizigo. Na seli inapogawanyika kuwa mbili, ndiyo kamba zinazozivuta kromosomu, zenye kubeba urithi wa uzazi, fungu moja huku na fungu la pili huku.

Boriti za nyumba zetu zikishasimamishwa hukaa miaka. Mirija hii sivyo: hurefuka, ghafla hubomoka, kisha hujengwa tena. Wataalamu Mitchison na Kirschner waliieleza hali hiyo mwaka 1984. Wala si fujo, kwani wapo wasimamizi, nao ni protini nyingine. Tubulini ya aina ya gama huweka msingi wa mrija. Tau huushikilia usibomoke, hasa katika mishipa ya fahamu. Stathimini huvizuia vipande visijengwe ovyo. Katanini, ambayo jina lake limetokana na upanga wa Kijapani, huukata. Ajengaye hamshindi abomoaye kwa ubora. Kila mmoja akitenda kwa kipimo chake, seli huishi. Sura ya Ar-Rahman imetuagiza tusiidhulumu mizani, nasi twaona kuwa mizani imo hata humo.

Sasa tuitazame saratani, ambayo ni seli zilizoasi kipimo, zikawa zinagawanyika bila ya kukoma. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata aliandika habari za maradhi hayo, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi watoto wa nchi zenye malaria nyingi, na kandokando ya Ziwa letu yanajulikana sana. Kuanzia mwaka 1977 watoto wa Mara ya Kaskazini waligawiwa klorokwini, ili ichunguzwe kama kuizuia malaria kungeyapunguza.

Miongoni mwa dawa zake ni vinkristini, iliyotolewa katika mmea mdogo wa maua ambao asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Dawa hii huishika tubulini, mirija isiweze kujengwa. Seli iliyokuwa ikigawanyika hukosa kamba za kuvutia kromosomu, ikakwama, ikafa. Iko na dawa nyingine ya saratani, paklitakseli, ambayo hufanya kinyume: huizuia mirija isibomoke, na seli hufa vilevile. Kuzuia kujenga na kuzuia kubomoa, yote mawili ni kuivunja mizani.

Basi zingatieni, ndugu zetu. Vinkristini huzinasa hasa seli zinazogawanyika wakati ule. Humkamata mwizi aliye mlangoni. Aliyejificha darini humwacha. Kwa hiyo uvimbe waweza kunywea baada ya dozi ya kwanza, na mbegu ya maradhi ikawa ingali mwilini. Ndiyo sababu mtoto hupangiwa kurudi mara kwa mara, kila safari iwakute waliosalia.

Na sisi hatujitoi katika lawama. Tulipata kuitwa katika nyumba moja, mtoto amerudi kutoka hospitali na taya limenywea. Tukasoma dua ya shukrani, tukala, tukaondoka. Hatukuuliza amepangiwa kurudi lini. Nauli ilikuwa imekwisha, na wazazi waliona amepona. Uvimbe ulirudi, na kabla ya mavuno tulimzika. Swali moja tu lilitupita, nasi ndio tuliokaa mahali pa kuuliza.

Wengine huacha kwa hofu. Mtoto hupata ganzi vidoleni, huburura miguu, na choo humfunga. Sababu yake ni ileile mirija: katika mishipa ya fahamu, iliyo mirefu, ndiyo barabara, na dawa huigusa nayo. Hayo si uchawi wala si ishara ya kukata tamaa. Mwelezeni daktari, kwani yeye ndiye ajuaye kupima dozi. Msiondoke kimya kimya.

Basi tunawausia mambo matatu. Uvimbe wa taya au wa tumbo la mtoto usingojee mavuno, kwani maradhi haya hukua upesi mno. Tiba ikianzwa, ikamilishwe; watoto wengi wameponywa kwayo. Na jirani aliyempeleka mwanawe Shirati au Bugando tumchangie nauli, tumlimie shamba na kumchungia ng'ombe, ili asilazimike kuchagua baina ya mtoto na chakula.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu wagonjwa, uwape subira wazazi wao, na utujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kujuta. Amin.